Kasha Lililosikia "Nakuja"

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo kwamba asubuhi ile, jijini Tanga, binadamu aliushinda umbali. Aliushinda kwa dakika arobaini hivi, kisha mtoto akaanza kulia.

Zamda, fundi wa lifti, alikuwa nyumbani kwake ndani ya kasha-kazi, chumba cha kioo kinene. Alipokunja vidole, kule mjini, ghorofa ya thelathini, mikono-mbali, yaani mikono ya chuma inayoiga ya fundi, ilikaza nati. Kampuni ilikuwa inaamua kama mafundi wake wote hamsini wafanyie kazi majumbani. Zamda ndiye aliyepewa kasha alijaribu, na jibu lake lilingojwa kikaoni saa nne. Alitamani liwe "linafaa": Sihaba, bintiye wa miezi minne, angenyonya bila mama kuacha ajira.

Kasha lilielewa Kiswahili, kwa hisani ya kijana wa kitengo cha lugha aitwaye Kiheri, mtanashati, mwenye akili nyingi mno.

"Nakuja, mwanangu," Zamda alisema akiinuka.

Kufuli likalia. "Karibu kazini," kasha likajibu. "Zamu yako ya saa mbili imeanza."

"Zamu gani? Nimesema nakuja!"

"Karibu kazini. Zamu yako ya saa mbili imeanza."

Mama yake, Bi. Mwanamkasi, akamleta mtoto mpaka kwenye kioo. "We Zamda, toka basi! Maziwa ya chupa kayatema."

"Mlango haufunguki, mama."

"Haya, mwambie hata neno. Si unaona anakutazama?"

"Nakuja, roho yangu. Nakuja, nakuja..."

Kufuli likalia mara tatu.

Hapo ndipo alipoelewa. Kwetu asemaye "nakuja" huyo anaondoka. Kasha lilifundishwa kwamba anafika. Kila alipombembeleza mwanawe, zamu ya muda wa saa mbili ilianza upya, na mlango haukufunguka kabla haijaisha. Akajiziba mdomo kwa viganja viwili. Sihaba akanyoosha mkono, ukagota kwenye kioo.

"Umekuwa bubu?" Bi. Mwanamkasi akafoka.

Saa nne skrini ikawaka. "Hongera, binti!" alisema mkurugenzi, Bwana Mhando. "Umefika kazini mara kumi na tisa asubuhi moja! Mahudhurio gani haya? Tuandike linafaa?"

"Nimefungiwa, Bwana Mhando. Kuna neno nikimwambia mwanangu, naongezewa kifungo."

"Neno gani?"

"Siwezi kulitamka."

Akapulizia kioo pumzi, akaliandika kwa kidole.

Bwana Mhando akafungua kamusi ya kasha. Kando ya neno lile palikuwa na jina la aliyelijaza, na kikatuni kinachocheka. Kikao kizima kikamgeukia Kiheri.

Kiheri ni mimi.

Maana yake nilikuwa naijua, nani asiyeijua? Nililigeuza makusudi, nikimtegea Bwana Mhando, ambaye husema "nakuja" katikati ya kikao akapotea mpaka kesho. Siku atakayojaribu kasha afungiwe, tucheke. Nikalisahihisha pale pale, na mlango ukafunguka.

Sihaba alikuwa keshalala, kachoshwa na kilio. Zamda akampokea, kifua cha gauni lake kimelowa maziwa, akaitazama skrini.

"Tuandikeje?" Bwana Mhando akauliza kwa sauti ndogo.

Zamda akanitafuta kwenye skrini. "Kiheri," alisema, "ulikuwa unaniona?"

"Ndiyo, dada. Kwa kamera ya kasha, tangu mara ya kwanza."

"Ukafanyaje?"

"Nilicheka."