Joto la Mashine Tupu

Mashine ilikuwa tupu, lakini ilikuwa na joto la mtu.

Fundi wa mafriji, ambaye mtaa mzima ulimwita Baridi, alikuwa ameitengeneza mwenyewe kutokana na friji lililokufa. Alizungusha waya wa joto ndani, akaweka bakuli la maji la kuleta unyevu, akafunga kidhibiti kwenye nyuzi thelathini na moja. Chatu wake, aliyemfuga tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, alikuwa karibu kutaga, na mayai ya nyoka hayawekwi kwenye mashine ya kuangulia isiyojaribiwa. Kwa hiyo aliiwasha mapema, ikae siku kadhaa bila kitu, aone kama joto linatulia. Likatulia kweli, ila kwenye thelathini na saba.

Mkewe alikuwa mshonaji, na mimba yake ilikuwa imekua hadi cherehani akawa anaifikia kwa kunyoosha mikono. Alipoiona ile namba alimtania mumewe kwamba aliyezoea baridi akipewa moto lazima aunguze. Baridi akabadilisha kidhibiti, akabadilisha na kipimajoto, namba ikabaki pale pale. Basi naye, kwa utani, akagonga mlango wa friji kabla ya kuufungua, akapiga hodi.

"Karibu," ikajibu sauti ya upole kutoka ndani.

Walitazamana. Kila mmoja akaamua kuwa ni mwenzake aliyetania, maana watu wazima hawakosi namna ya kujidanganya.

Chatu akataga. Chatu jike huyazunguka mayai yake na kutetemeka ili ayapashe joto, lakini huyu, jambo la ajabu, hakuyagombania. Baridi alipoingiza mkono, nyoka alijikunjua na kwenda kujibanza kona ya mbali kabisa ya sanduku lake, kichwa amekigeuzia kioo. Mume akafurahi kuokoka na meno. Mke akawaza kwamba hakuna mama anayetoa watoto kirahisi hivyo, labda awe anaogopa kitu kikubwa kuliko kuwakosa. Alimtazama mumewe akitia alama ya penseli juu ya kila yai, ili upande wa juu ubaki juu, kwa kuwa yai la nyoka halipinduliwi. Kilichomo kimejishikiza, ukiligeuza kinakufa.

Mayai yalipoingia tu, namba ilishuka hadi thelathini na moja. Baridi akashukuru.

Lakini lile joto lililotoka kwenye mashine halikwenda mbali. Kuta za nyumba zilianza kutoka jasho. Vitambaa vya wateja vikaota ukungu juu ya meza. Milango ikavimba, na chakula, shuka, hata maji ya kunywa vikawa na harufu ya utosi wa mtoto mchanga, harufu tamu mwanzoni, kisha nzito mpaka inakaba koo. Baridi alisema ni unyevu tu. Fundi akishaamua ni unyevu, utambishia nini?

Mchana mmoja mke alijilaza. Mkunga alikuwa amemwambia alale kwa ubavu wa kushoto, naye akataka kugeuka, lakini mkono ulimshika nyonga, mkono mpana wenye joto usio na haraka, ukamrudisha chali, na kila alipojaribu tena ukamrudisha tena, kwa subira ile ile, huku kitu kizito kikijiviringisha kumzunguka kuanzia miguuni hadi kwapani, bila kumwumiza, bila hata kumbana, kikitetemeka kidogo kidogo kama kinachompasha moto, na yeye macho wazi, jua limejaa dirishani, majirani wakisikika nje wakicheka, asiweze hata kuita.

Kilipomwachia alifunua gauni. Juu kabisa ya tumbo palikuwa na alama ya penseli.

"Ni wewe?" alimnong'oneza mumewe.

Baridi aliitazama alama. "Nikuchore wewe kwa nini?"

Mke akavaa viatu hapo hapo aende kwa dada yake. Alipovuka kizingiti, mtoto alitulia tumboni. Hakutulia kwa usingizi, aliganda. Mama akarudi ndani kwa hofu, na mtoto akacheza. Alijaribu tena, akajaribu na mlango wa nyuma, ikawa vile vile. Akakaa sakafuni akalia, kwa sababu sasa alijua amefungwa ndani, na mwenye ufunguo hana sura.

Mganga aliyeitwa alikuwa bwana mmoja mwenye mafua, kapu lake chini ya kwapa. Hakupiga hodi. Alisema nyumba hii ukipiga hodi, atakujibu asiyefaa.

"Mliwasha moto chumba kitupu," alinong'ona. "Mahali pa joto hapakosi mkaaji. Mkamletea na mayai. Naye anajua kulea, na mama huyu anamhesabu pamoja na mayai."

"Mtoe," Baridi alisema.

"Nikimtoa kwa nguvu, kila alichokilalia kitapoa. Vyote."

Mke alishika tumbo. Mganga akainamia friji na kumbembeleza aliyemo kwa muda mrefu, na sauti ile ya upole ikajibu kwamba imechoka kulalia peke yake. Mama wa mayai aliondolewa, basi iletewe wa kushika zamu, nayo itamwachia mwanamke.

Baridi hakumtazama mganga. Alimtazama mkewe, akasema taratibu kwamba aliyemwondoa mama wa mayai ni yeye. Akavua shati, akaliendea friji.

Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, mganga akawa wa kwanza kutoka. Mke alivuka kizingiti, na mtoto akampiga teke la nguvu. Alicheka na kulia juani, akageuka amwite mumewe waondoke.

Kutoka pale alimwona. Alikuwa amejikunja sakafuni kulizunguka friji, magoti na mikono vimelikumbatia, macho wazi, mwili mzima unatetemeka kama wa mtu anayetengeneza joto. Mke aliingiza mguu mmoja amvute. Mtoto akaganda. Akautoa. Mtoto akacheza.

"Funga mlango, mke wangu," Baridi alinong'ona. "Joto linatoka."

Akaufunga kwa mikono yake miwili.