Siku Tatu Bila Kupima Ufa

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini, mimi na Kifutio tulikuwa na kazi yetu. Kifutio ni rafiki yangu. Alipewa jina hilo kwa sababu tangu darasa la kwanza hajawahi kununua kifutio, kazi yake ni kuazima. Tulichukua utepe wa kupimia kwa mwalimu wa jiografia, tukapanda kilima cha udongo mwekundu kilicho nyuma ya shule, mpaka penye ufa. Mwalimu alikuwa amepigilia vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande wa ufa. Sisi tulipima umbali kati ya vigingi hivyo, tukaandika namba kwenye kiganja kwa kalamu, tukateremka mbio hadi chumba cha kompyuta.

Chumba hicho zamani kilikuwa stoo ya madawati. Kompyuta zilikuwa kumi na moja, zinazowaka sita, na mtandao ulikuja pale ulipojisikia. Tulifungua tovuti ya kujifunzia sayansi ya dunia na anga, ambayo shule nyingi huitumia. Kila shule ilichagua kitu cha kupima. Wengine walipima mvua, wengine kina cha mto, sisi ufa wetu. Ukiweka namba ya leo, tovuti inaiunganisha na ya jana, na mstari unasonga mbele.

Namba yetu haikuwa ya mapambo. Chini ya kilima, kando ya uwanja wa shule, palikuwa na nyumba tisa, na moja ilikuwa ya shangazi yangu, fundi cherehani. Mwalimu alikuwa amekubaliana na mwenyekiti wa mtaa kwamba mstari ukipanda sentimita mbili kwa siku moja, kengele ya shule itapigwa bila kukoma na watu wote watoke.

Tulipomaliza kuweka namba, dakika zilizobaki zilikuwa zetu. Kifutio alipenda video za volkano. Mimi nilifungua sayari. Niliweza kuishika Zohali kwa kipanya na kuizungusha na pete zake mpaka nikasahau kwamba sijanywa chai. Darasani waliniita Bibi Sayari, wakaniuliza nitahamia lini huko juu. Sikuwajali. Zile dakika chache ndizo zilizoniamsha asubuhi.

Kisha ikaja wiki ya mvua. Jumatatu tulipanda kwa shida, nikateleza, sketi ikawa tope tupu. Tulipima sentimita kumi na nne nukta moja. Tulipofika kwenye kompyuta, kengele ilikuwa inalia, na Zohali sikuiona.

Jumanne mvua ilikuwa bado inanyesha.

"Leo hatupandi," nilimwambia Kifutio.

"Na namba je?"

"Mwezi mzima, kila siku ufa umesogea nukta moja, au haukusogea kabisa. Nitaweka kumi na nne nukta mbili."

"Si bora tuache wazi?"

"Tukiacha wazi mstari utakatika. Siku tisini na sita haujakatika hata mara moja. Unataka darasa zima litucheke?"

Kifutio alikuna kichwa. "Mimi simo," akasema, lakini akavuta kiti akakaa.

Jumatano niliweka nukta mbili tena. Alhamisi nikaweka nukta tatu, maana niliona nikiganda kwenye namba moja mwalimu atashtuka. Uongo wangu ulikuwa na adabu zake. Na siku zote hizo tatu niliizungusha Zohali nilivyotaka, huku mvua ikipiga bati.

Alhamisi hiyo, baada ya masomo, nilikwenda kwa shangazi kuchukua sketi aliyokuwa ameishona upindo. Nilimkuta mwalimu wa jiografia amesimama mlangoni kwake na mwavuli. Shangazi alikuwa amefunga mizigo miwili mikubwa kwa shuka. Mmoja ulikuwa wa vyombo, mwingine wa nguo za wateja.

"Mwalimu, mlango huu umeanza kukwama tangu jana," alisema shangazi. "Mpaka niusukume kwa bega. Nihame au nisihame?"

Mwalimu alitoa simu, akafungua tovuti, akamwonyesha mstari wetu. Ulikuwa umelala kama kamba ya kuanikia nguo.

"Ufa haujasogea, mama. Mbao zikinywa maji huvimba. Mstari huu ukipanda, nitapiga kengele mwenyewe."

Shangazi alinigeukia akatabasamu. "Kumbe nahangaika bure. Mpimaji mwenyewe si huyu hapa? Mtoto wa kaka yangu hawezi kunipotosha." Akainama, akafungua mizigo, akaanza kurudisha nguo za wateja kwenye misumari ukutani, moja moja.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, mwalimu yupo, shangazi yupo, na maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: hatukupima. Nilichukua sketi yangu, nikaaga, nikaondoka.

Ijumaa sikumngoja Kifutio. Nilipanda peke yangu kulipokucha, nikishika majani nisiteleze. Kigingi cha chini kilikuwa kimelala upande. Nilinyoosha utepe, nikasoma, nikafuta macho, nikasoma tena. Ilikuwa sentimita thelathini na moja.

Ninaloona aibu kulisema kuliko yote ni hili. Wazo langu la kwanza halikuwa shangazi. Nilisimama pale nikipiga hesabu, nitafikaje kutoka kumi na nne hadi thelathini na moja bila kugundulika. Sijui nilisimama muda gani. Kisha nilisikia cherehani yake ikilia kule chini, maana huanza kazi mapema, na miguu ikaniondoa yenyewe.

Mwalimu alikuwa ofisini na kikombe cha chai.

"Mwalimu, thelathini na moja."

"Thelathini na moja nini? Jana ilikuwa kumi na nne."

"Jana sikupima. Juzi pia. Wala Jumanne."

Hakunigombeza. Alikiacha kikombe, akakimbilia kengele. Aliipiga kwa mikono miwili mpaka mwenyekiti akaja naye akasaidia.

Watu walitoka. Wengine walibeba watoto, wengine magodoro. Walikusanyika uwanjani huku wakihesabiana. Shangazi alitoka mikono mitupu, khanga imefungwa vibaya, akaja hadi nilipokuwa. Halafu akageuka kuangalia nyumba yake.

"Nguo za watu," alisema.

Alirudi mbio kabla hatujamshika. Kama mzigo ungekuwa bado umefungwa, angetoka nao mara moja. Lakini nguo zilikuwa misumarini, na zilirudishwa huko kwa namba yangu. Alikuwa bado anazishusha kilima kiliposhuka. Hakikuja kwa kishindo kikubwa nilivyodhani. Kilivuma, kikasukuma, na nyumba nne zikafunikwa tukiwa tunatazama.

Walimchimba kwa majembe na kwa mikono. Alikuwa hai, boriti ya dari imemlalia mguuni. Hakuna aliyekufa, na watu wakasema ni bahati. Mimi sikuona bahati yoyote.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikasema yote. Kifutio alisimama bila kuitwa, akasema naye alikuwepo. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alisema kwamba naye ana kosa lake: shangazi yangu alimwambia mlango unakwama, naye badala ya kupanda kilimani aliangalia simu. Kisha tulifuta namba zangu tatu kwenye tovuti, tukaacha nafasi wazi. Familia zote tisa zilihamishiwa upande mwingine wa mtaa, mbali na mteremko, na tangu hapo watu wawili wazima hupanda pamoja na wanafunzi kupima.

Wiki ya pili nilikwenda hospitali na mama. Daktari alituambia kwenye ukumbi kwamba mfupa utaunga, lakini goti halitakunjika tena.

"Usimwambie," mama alininong'oneza. "Mwambie atapona tu."

Shangazi alikuwa ameegemea mito miwili, mguu umefungwa hadi pajani. Alisubiri mama aanze kumimina uji, akanishika mkono.

"Wote wanaoingia hapa wananichekea chekea. Wewe niambie. Daktari amesema nini?"

Nilimwangalia mama. Alitikisa kichwa.

"Amesema goti halitakunjika tena, shangazi. Cherehani ya miguu hutaiweza."

Mama aliweka bakuli kwa nguvu hadi uji ukamwagika. "Wewe mtoto, hujakoma tu?"

"Mwache, wifi," alisema shangazi. Alifumba macho, machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Alipofumbua macho, aliniangalia moja kwa moja.

"Alhamisi ile nilihitaji kusikia hivi hivi. Ungesema hujui, mizigo yangu ingebaki imefungwa, nami ningekaa macho. Wewe ulinipa namba, nikalala. Siku ambayo hujapima, sema hujapima, hata kama watu watakucheka. Na ukipima, sema ulichokiona, hata kama kinauma kama hiki. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi. Nisamehe."

"Nitakusamehe," alisema, "lakini si leo." Akauachia mkono wangu, akajivuta akae vizuri. "Leo nenda mtaa wa mafundi, uniulizie cherehani ya kuzungusha kwa mkono inapatikana kwa nani. Na kama hawana, rudi uniambie hawana."

Nilitoka, nikaenda kuuliza.