Jiwe la Hannelore

Namba aliyoichukua Eckhard Pohlmann mlangoni ilikuwa mia mbili na kumi na nne, na ubao wa taa ukutani ulikuwa ndiyo kwanza unaita mia na sitini na tisa. Ukumbi wa Ofisi ya Raia ulifurika kama stesheni siku ya Ijumaa: kina mama na vigari vya watoto, vijana waliofuata vitambulisho, wazee waliovua kofia na kuzipakata. Madirisha yalikuwa tisa. Yenye mtu nyuma yake yalikuwa mawili. Saba yaliyobaki wakubwa wa mji wa Lindenrade waliyafunga tangu mwaka juzi, wakaweka maua ya plastiki.

Eckhard hakuvua kofia. Alikuwa akikunja na kukunjua kibandiko cha njano, na kila alipokisoma taya lilimcheza.

"Utakichana hicho," mwanamke wa kiti cha jirani alisema. "Halafu wakuambie umeharibu mali ya manispaa."

Alimgeukia kwa hasira, hasira ikakosa pa kutua. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, koti la mvua la kijani, skafu nyekundu ya nyanya iliyoiva, nywele za kijivu amezibana kwa penseli. Alinukia sabuni na majani mabichi.

Akajikuta anamweleza. Kibandiko amekibandua kwenye kaburi la mkewe. Kimeandikwa jiwe linacheza, ni hatari, lirekebishwe ndani ya miezi mitatu, la sivyo mji utalilaza chini.

"Miaka mitatu Hannelore yuko pale," alisema. "Hajamwangukia mtu."

Yule mwanamke alikitazama kibandiko muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

"Umekosea mlango," alisema mwishowe. "Makaburi yako Idara ya Bustani, ghorofa ya nne."

"Mke wangu si ua."

"Najua. Mji ndivyo ulivyopanga. Vizazi na vifo ni ghorofa ya pili. Ukishazikwa, wewe ni wa bustani."

Eckhard alisema angempata aliyekibandika, angembandika nacho kwenye paji la uso. Mwanamke akainama kutafuta mwavuli wake chini ya kiti, ingawa mwavuli alikuwa ameupakata. Kisha akasema pasipoti yake inaweza kungoja, akamwongoza ngazini. Jina lake Roswitha Dudek, mjane, na kazi yake ilikuwa hukohuko Idara ya Bustani, ila huwa nje, kuangalia kama vitu vimesimama sawa. Eckhard alikuwa amechomelea reli za tramu miaka thelathini na minane, shule aliiacha mapema. Akadhani ni miti.

Ghorofa ya nne walifungua rejista. Ikaonekana mwenye kaburi ni Hannelore mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyelichukua zamani kwa ajili ya mama yake. Fundi wa mawe haruhusiwi kuligusa jiwe bila kibali, kibali hupewa mwenye kaburi, na mwenye kaburi ndiye aliyelala chini yake. Ghorofa ya pili Hannelore alikuwa amekufa, na muhuri juu. Ghorofa ya nne alikuwa hai, tena mwenye haki zote. Kati ya ofisi hizo kuna ngazi arobaini, na kwa miaka mitatu hakupatikana mtu wa kuzipanda na habari ile.

Roswitha alimjazia fomu mbili: ya kubadili jina, itakayochukua miezi, na ya kuomba kibali.

"Kibali nitakisukuma mwenyewe kutoka ndani," alisema. "Wewe usigombane na mtu. Unaweza?"

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Funga mdomo tu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Kila saa kumi na mbili jioni simu ya Eckhard ililia, naye alikuwa amekwisha kaa kando yake tangu saa kumi na moja na nusu.

"Umekula nini, mzee wa reli?"

"Viazi."

"Na nini?"

"Na viazi vingine."

"Utaota mizizi wewe, halafu uwe wa idara yangu. Kesho nakuletea kabichi."

Alimfundisha mji ambao alikaa humo miaka sitini na mitatu bila kuujua: pipa la taka la barabarani ni la Idara ya Usafi, la bustanini ni la Bustani, na paka aliyekufa katikati yao huoza mpaka wakubwa wakutane. Eckhard alicheka hata akashika mbavu, na kicheko chenyewe kikamtia haya, kwa maana hakuwa amecheka tangu mazishi. Jumapili moja mbele ya kibanda cha soseji Roswitha, amevaa gauni la bluu lenye madoadoa, aliinua bilauri yake ya bia akasema basi, tuachane na Bwana na Bibi, niite Roswitha. Kwa watu wa Lindenrade hilo si neno dogo. Eckhard alilirudia jina lile njia nzima ndani ya tramu.

Kitu kimoja hakumwambia. Wiki mbili baada ya kumzika mkewe, aliyeuawa na saratani ya titi, ilikuja barua ya idara moja ya mji: Bibi Hannelore Pohlmann anaalikwa apimwe matiti bure, mapema ni salama. Eckhard aliisoma amesimama jikoni. Siku ile aliapa hatafungua tena barua yoyote ya manispaa yenye jina la Hannelore. Nazo hazikukoma kuja. Kila iliyofika aliitia ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati, akafunika.

Mwezi wa Mei ilifika moja, bahasha ya kijivu, nene kidogo. Ikaingia koponi na wenzake.

Siku iliyofuata, bila sababu ila ya mapenzi, alikwenda kwa Roswitha na shada la maua meupe. Roswitha alifungua mlango, akayaona maua, akaanza kulia.

"Hujanikasirikia?"

Eckhard alidhani anasemea juzi, alipochelewa kufika kwenye chakula alichomwandalia.

"Kwa lipi, mpenzi? Njoo hapa."

Akambusu palepale mlangoni, jirani akiwatazama. Tangu siku ile habari ya jiwe hawakuigusa tena. Roswitha aliona haya kulitonesha kidonda alichoamini amesamehewa. Eckhard alimwamini, hakutaka awe mtu wa kuuliza kila siku kibali kiko wapi. Juni ikapita hivyo, wakiwa na furaha.

Tarehe kumi na tano Julai asubuhi alikwenda makaburini na ndoo ya kumwagilia. Kwa mbali aliona watu wawili wenye suti za kazi za kijivu na mistari ya njano. Jiwe la Hannelore lilikuwa limelazwa chali, jina linatazama mbingu. Mmoja wa wale alishika chombo cha chuma chenye mshale, kile cha kusukumia mawe ili kuyapima. Nywele zake zilibanwa kwa penseli.

Ndoo ilimtoka mkononi.

"Ni wewe," Eckhard alisema.

Roswitha aligeuka. Hakushtuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kungoja.

"Fundi hakuja, Eckhard. Nilikungoja mpaka siku ya mwisho. Leo ni amri, nikikataa atatumwa mwingine. Nikaona afadhali liwe mkononi mwangu, lisivunjike."

"Kumbe wewe ndiye mtikisa mawe. Kibandiko ni chako."

"Lakini nilikuandikia."

"Sikupata barua yoyote."

"Nilikuandikia yote. Ukaja na maua."

"Ninyi wa manispaa ni waongo, kuanzia aliye juu mpaka wewe. Mnaishi kwa uongo. Ulinichezea miezi mitatu huku umemwekea mke wangu siku ya kuangushwa."

Mwenzake Roswitha alisogea mbali, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Roswitha aliiokota ndoo, akaisimamisha vizuri, akaenda zake.

Saa kumi na mbili jioni simu ililia. Ililia siku nne, hakuipokea. Ya tano haikulia, na Eckhard alikaa kando yake hivyohivyo mpaka saa mbili.

Septemba, jina lilipokwisha badilishwa, ilimjia barua ya kwanza yenye jina lake mwenyewe. Mistari mitatu: sasa yeye ndiye mwenye kaburi, kibali cha tarehe tisa Mei, kilichotumwa kwa mwenye kaburi wa awali, kimepitwa na wakati, aombe upya.

Aliisoma mara mbili. Kisha akapanda kiti, akalishusha kopo.

Bahasha ya kijivu ilikuwa ya tatu kutoka juu. Ndani kibali, muhuri, sahihi. Nyuma yake kikaratasi, mwandiko wa penseli:

"Eckhard, mwite fundi kabla ya tarehe kumi na nne Julai. Jiwe nililitikisa mimi, mwezi wa Aprili, baada ya theluji. Lilicheza kweli. Pale ukumbini nilishindwa kukuambia, na kila siku iliyopita ilizidi kuwa ngumu. Ukiona huwezi kuniangalia tena, usije, nitaelewa. R."

Mashine ya ofisi ndiyo iliyoandika jina juu ya bahasha. Mashine ya watu waliolipwa vizuri, wenye mazulia, ambao kwao Hannelore alikuwa hai.

Saa kumi na mbili kamili alipiga yeye.

"Nimeipata," alisema. "Walimtumia marehemu. Roswitha, si kosa langu wala lako. Ni wao."

Upande wa pili maji yalisikika yakichemka.

"Ni wao," Roswitha alisema. "Lakini aliyesimama pale si wao, nilikuwa mimi. Nilikuambia nimekuandikia, hukuniuliza hata niliandika nini. Ulisema 'ninyi'."

"Nilikuwa na uchungu."

"Una uchungu miaka mitatu, mpenzi. Nilidhani nimepata mlango wa kuingia humo ndani. Kumbe nilikuwa nimechukua namba tu, naketi ukumbini."

Hakukata simu kwa hasira. Alisema viazi vimeiva, akamtakia usiku mwema.

Fundi alilisimamisha jiwe mwanzoni mwa Novemba. Sheria inataka lipimwe tena, na mpimaji ni mmoja tu kwa viwanja vyote kumi na kimoja vya makaburi ya Lindenrade, wengine waliachishwa mwezi wa Oktoba. Eckhard alijua. Alifika saa mbili asubuhi, amevaa koti lake la kahawia lililochanika kiwikoni, amekwisha lishona.

Roswitha alikuja na chombo chake, skafu nyekundu ikichungulia kwenye suti ya kazi. Walisalimiana. Aliweka chuma kifuani pa jiwe, akaegemeza bega, akasukuma. Mshale ulipanda. Akasukuma tena, zaidi ya inavyotakiwa, mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.

Jiwe halikutikisika.

"Limesimama," alisema, akaandika kwenye daftari.

"Roswitha."

Alimtazama, akatoa mkono, akamwondolea uzi uliobaki kiwikoni. Kisha akahamia kaburi la pili, akaegemeza bega, akasukuma.