Meza Mpya ya Kobe

Sebule ya nyumba hii ilikuwa na kazi mbili. Upande wa dirishani, mke alichapa barua, maombi ya kazi na kadi za mwaliko. Upande wa uani, mume alitengeneza meza na vitanda. Watu walimwita Fundi Randa, na jina likamkaa. Ukimpelekea mlango usiofunga, anaupunguza. Ukimpelekea droo inayokwama, anaipunguza. "Kisichoingia kina ziada," alipenda kusema, huku vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi.

Kompyuta ya mke ilikuwa ndogo, unene wa vitabu viwili, imejificha nyuma ya kioo chake. Waliinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama, nayo hata siku hiyo ilikuwa imeshazeeka. Wateja waliipa jina la Kobe. Ilikuwa inafika, lakini kwa muda wake.

Wiki hiyo Kobe alikataa hata kutambaa. Shule ya binti yao ilikuwa imempa mke kazi ya kupanga kitabu cha wanafunzi wanaomaliza. Walikuwa themanini. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake, wenye picha na maneno machache aliyoyaandika mwenyewe. Binti yao alikuwa ukurasa wa thelathini na moja. Mke alipofika ukurasa wa ishirini, picha zikiwa zimeongezeka, Kobe akaganda. Akazima, akawasha. Kobe akaganda tena.

Jumanne mwalimu mkuu alipita.

"Mama, niambie ukweli. Kitabu kitakuwa tayari?"

"Kitakuwa tayari, mwalimu."

"Haya. Ijumaa saa nne asubuhi kinakwenda kiwanda cha uchapaji. Kisipokwenda, watoto hawa watamaliza bila kitabu."

Mwalimu alipoondoka, mke aliinamia meza akalia. Hakuwa mtu wa kulia ovyo. Fundi Randa aliumia moyoni.

"Nyamaza, mama watoto," alisema. "Hakuna kitu kisichotengenezeka. Niachie mimi."

Kesho yake mke alikwenda shuleni kumalizia kupiga picha. Fundi Randa naye akaenda duka la vifaa vya kompyuta.

"Nasikia kompyuta nzito huongezewa ram," alimwambia muuzaji.

"Ndiyo, mzee. Ya laptopu au ya mezani?"

Fundi Randa alimshangaa. "Ya mezani, bwana! Inakaa juu ya meza, na meza yenyewe nimeitengeneza kwa mikono yangu."

Akapewa ram ya mezani, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Alifungua skrubu za Kobe, akatoa mfuniko. Ndani aliona ram ya zamani, kipande chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu. Aliichomoa, akajaribu kuweka ile mpya. Lo! Mpya ilikuwa karibu mara mbili kwa urefu.

Wewe na mimi tungerudi dukani. Fundi Randa alichomoa penseli sikioni. Akapima, akapiga mstari, akaibana ram kwenye jiliwa, kisha akauchukua msumeno wa chuma.

"Hodi humu!"

Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Mama huyu alitunza kompyuta za hospitali, na dada yake alikuwa amempigia simu.

"Karibu, shemeji. Nakuja, napunguza hapa kidogo."

Shemeji alitazama jiliwa. Akatazama msumeno. "Weka chini! Weka chini huo msumeno!"

"Inazidi kidogo tu..."

"Shemeji, wewe ungempunguza ng'ombe miguu ili aingie mlangoni! Ram haikatwi. Ukiikata imekufa." Kisha akamwona Kobe, tumbo wazi. "Na waya bado uko kwenye umeme! Jamani! Ungeiunguza kompyuta nzima, na kitabu cha watoto ndani yake."

Msumeno ulishuka wenyewe. Fundi Randa aliona haya. "Nilitaka mke wangu asilie tena," alisema taratibu.

Shemeji akalainika. "Najua. Nia yako ni nzuri. Haya, tuanze upya, na kazi utaifanya wewe."

Alichomoa waya, akarudisha ram ya zamani mahali pake, ndipo wakamwasha Kobe.

"Kwanza kipimo, halafu dawa," alisema. Alinakili kitabu chote kwenye flashi, kisha akafungua ukurasa unaoonyesha hali ya kompyuta. "Unaona? Nimefungua picha chache tu, na ram imejaa karibu yote. Nafasi ya kuhifadhia bado tele. Kwa hiyo shida ni ram."

"Ram na nafasi ya kuhifadhia si kitu kimoja?"

"Mbao zako unaziweka wapi?"

"Stoo."

"Na unazifanyia kazi wapi?"

"Juu ya meza ya kazi."

"Basi diski ni stoo, ram ni meza ya kazi. Meza ikiwa ndogo, kila mara unashusha ubao mmoja ili upandishe mwingine. Kutwa nzima unapanda na kushuka. Ndiyo shida ya Kobe."

Fundi Randa alicheka. "Kumbe Kobe si mvivu. Anahitaji meza kubwa!"

"Hapo umenena. Lakini lazima iwe meza inayomfaa."

Walizima tena, wakachomoa waya. Shemeji alimwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye ram ya zamani. Ilisomeka 4GB, DDR3L. "Namba ya kwanza ni ukubwa. Maandishi haya mengine ni aina. Aina nyingine haiingii, na ikiingia kwa nguvu inaharibu. Na kompyuta hizi ndogo, ingawa zinakaa mezani, nyingi hutumia ram za laptopu. Ndiyo maana yako ilizidi." Kisha alitafuta jina kamili la Kobe kwenye simu. "Hapa mtengenezaji anasema ina nafasi mbili, na mwisho wake ni gigabaiti kumi na sita. Tununue mbili za nane, zinazofanana."

"Na hii niliyonunua?"

"Futa mstari wa penseli taratibu na kitambaa kikavu, uirudishe. Ungeikata, ungebaki nayo kama pambo."

Alhamisi asubuhi Fundi Randa alikwenda dukani na ile ram ndefu, na ya zamani ndani ya mfuko wa kuzuia umeme aliopewa na shemeji. Hakuongea mengi. "Nataka za aina hii hii, za nane, mbili." Muuzaji alilinganisha, akaipokea ile ndefu, akampa mbili fupi kwa nyongeza ya pesa.

Aliporudi nyumbani, mke alisimama mlangoni, mikono kifuani. Shemeji alikaa kwenye stuli.

"Waya?" aliuliza.

"Nimechomoa. Na nimebonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa, umeme uliobaki uishe."

"Mikono?"

Fundi Randa aligusa chuma cha Kobe. "Ili umeme mdogo ulio mwilini mwangu usiidhuru ram. Ule unaolia ukivua sweta."

"Mwanafunzi hodari! Sasa shika pembeni, usiguse meno. Pengo la ram likutane na kijino cha ndani. Ingiza kwa mshazari, halafu ilaze."

Aliingiza ya kwanza, akailaza. Vibanio viwili vikalia, ta! Ya pili akaiweka kama anamlaza mtoto mchanga. Wakarudisha waya, wakawasha. Kioo kilibaki cheusi. Kobe akapiga mlio mmoja, mwingine, mwingine.

"Mungu wangu," alisema mke. "Ndiyo basi?"

"Bado," alisema shemeji. "Anatuambia ram haijakaa. Zima, chomoa."

Fundi Randa aliinama akatazama. Kibanio kimoja kilikuwa wazi. "Hii ya pili sikuifikisha. Niliogopa."

"Jana ulitaka kuikata, leo unaogopa kuibonyeza! Isukume ndani mpaka mwisho, kisha ilaze."

Aligusa chuma, akaisukuma, akailaza. Ta! Safari hii kioo kikawaka, na namba ya ram ikasoma kumi na sita. Mke alipiga kigelegele peke yake.

Alikaa akafungua kitabu. Ukurasa wa ishirini ukapita. Wa thelathini ukapita. Wa thelathini na moja ukafunguka kwa mara ya kwanza. Binti yao alikuwa anacheka pichani. Chini alikuwa ameandika: "Baba alinitengenezea meza ya kusomea. Kila nilipokua, aliiongezea miguu urefu."

Fundi Randa alisoma mara mbili. Machozi yakamtoka waziwazi.

"Shemeji, sogea kidogo," alisema mdogo wa mke. "Usimlowanishe Kobe."

Ijumaa saa tatu na nusu mwalimu mkuu alikuja kukichukua kitabu kwenye flashi, kurasa themanini kamili.

"Hongereni," alisema, akimtazama Kobe. "Na sisi shuleni tuna kompyuta kumi kama hii. Ni nzito mno. Tumeamua kuzitupa."

"Msizitupe, mwalimu," alisema Fundi Randa. "Zipimwe kwanza. Huenda zimekosa meza tu."

Jumatatu alikwenda na shemeji yake. Alibeba bisibisi na kitambaa kikavu. Msumeno aliuacha ukutani.