Bomba la Mtaa Uliobomolewa

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni; nimeikadiria kwa zamu ya mlinzi, iliyoanza saa kumi na mbili kamili. Rafiki yangu, fundi seremala, alirudi kwenye mtaa wetu uliobomolewa jana yake, kutafuta sanduku la zana. Bila randa na nyundo, wanawe wangekula nini?

"Mzee, mtaa huu umeshakufa," mlinzi alimwambia.

"Basi niache nizike, mwanangu. Hata kuku hupewa muda wa kukusanya vifaranga. Sisi tulipewa asubuhi moja!"

Mlinzi akacheka, akampisha.

Giza lilimkuta akifukua mabati palipokuwa chumba chake. Ndipo aliposikia bomba likigongwa. Kwetu, bomba la maji lilipita nyuma ya vyumba vyote. Aliyeona maji yametoka aligonga, na kila chumba kikajibu kwa zamu, asiachwe mtu usingizini.

Vyumba vikaanza kujibu. Akajibu mshona viatu, akajibu dobi, akajibu mjane wa jirani. Kilichofuata kilikuwa chumba cha fundi.

Wapo wanaosema ni upepo uliotikisa mabomba. Hapana: mabomba yaling'olewa asubuhi ile, yakapakiwa kwenye lori. Wengine wanadai fundi mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa mazoea. Hao nao wamekosea. Fundi alikuwa amesimama, mikono mitupu kifuani, na pigo la nyundo lilitoka chini ya miguu yake.