Uso Mbele ya Dirisha

Filimbi ya kwanza ilishalia mpiga picha alipodandia treni, kamera kifuani, shati limemganda mgongoni.

"Umefuata nini?" Fundi, mshonaji aliyekuwa mpenzi wake, aliuliza. Alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, mkoba ameukumbatia kama ngao. Miezi mitatu hakuwa amepokea simu zake.

"Kukiri. Filamu niliyompigia baba yako haikuwa mbovu. Alikaa dirishani, mshale wa kamera wa kupimia mwanga ukafuata jua la nje, nami nikauamini. Uso ukatoka mweusi tii. Nikaogopa, nikamsingizia muuza filamu."

"Nilijua. Njia ya mwongo fupi. Muuza filamu ni mteja wangu. Baba hana picha nyingine. Na kaburini hapigwi mtu picha."

Mama yake Fundi, aliyekaa dirishani huku jua la asubuhi likiwaka mgongoni kwake, akakohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnagombana kama mke na mume, na posa yenyewe sijaiona."

Fundi hakucheka. "Umebakiza picha ngapi?"

"Moja."

"Mpige mama, hapohapo alipo. Ukiharibu, usinitafute tena."

Mshale ukaruka juu, uongo uleule. Safari hii mpiga picha alipiga goti, akasogeza kamera mpaka nusura iguse shavu la mama, dirisha likatoka kwenye lenzi. Mshale ukaanguka.

"Unanipiga picha au unaninusa?"

"Napima mwanga wa uso wako tu, mama."

Akafungua lenzi hadi mwisho, akapunguza kasi ya kamera ili mwanga mwingi uingie. Aliporudi nyuma mshale uliruka tena, kama unamkemea. Hakuujali. Filimbi ya pili ikalia. Kwa kasi ile ndogo, behewa likitikisika tu, picha imeharibika. Akabana pumzi.

Kacha!

Alishuka treni ikitembea.

Siku ya tatu akapiga simu. Ikapokelewa mlio wa kwanza.

"Sema."

"Dirisha limeungua kwa mwanga, jeupe lote. Mama yupo. Hata kidoti cha kidevuni."

Kwenye simu akasikika akivuta kamasi.

"Fundi?"

"Subiri nifute machozi, wewe! Ilete mwenyewe, mpenzi. Usiitume."

Aliipeleka, akahamia mji alikokwenda Fundi, wakaoana mwaka uliofuata. Muuza filamu aliombwa radhi, akasamehe, ila hakumuuzia tena. Mama aliishi nao miaka sita, akilalamika kwamba siku ile hakuambiwa atabasamu.