Hedifoni za Seremala

Haya yalimpata rafiki yangu, seremala tunayemwita Nundu, na alinisimulia mwenyewe.

Bendi yao ilimpa siku tatu ashike nyimbo mpya kwenye gitaa la besi, la sivyo nafasi yake angepewa mwingine. Nyumbani nako mtoto wao mchanga alikuwa na homa, hapati usingizi. Basi mchana akaenda dukani kutafuta hedifoni, apate kupiga gitaa bila kumsumbua mtoto. Za kwanza zilivujisha sauti, za pili zikambana. Za tatu zilifunika sikio lote.

"Chukua hizo," muuzaji akasema. "Utakayesikia ni wewe tu."

Nundu akarudi, akaingia chumbani, akarudishia mlango na kushusha mapazia mazito. Chumba kikawa giza. Akachomeka waya, akaanza kupiga taratibu, kila noti ikimnguruma kifuani. Kwenye wimbo wa pili akasikia mtu akimfuatisha, anaimba puani, mdomo umefumbwa. Akaacha kupiga. Sauti ikaendelea. Akadhani ni redio imeingilia, akachomoa waya. Sauti ikaendelea vilevile, ikauimba wimbo hadi sehemu ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajajifunza.

Akazivua hedifoni, akazitupa kitandani. Kimya kabisa.

Mara mkewe akasukuma mlango kidogo, mtoto begani.

"Baba watoto, ahsante, mwenzio kalala," akanong'ona. "Gitaa sikulisikia hata kidogo. Ila huyo mgeni wako anayeimba, mbona mpaka sasa hanyamazi?"